Kidole cha Kuazima

Mwanakheri alikibandika kidole kwenye jiko kwa mara ya tatu, nalo likamjibu kwa ile sauti yake ya upole: "Mama, kipimo chako cha shingo ya kizazi kimepitwa na wakati. Sitawaka."

"Mwezi mzima napanga foleni zahanati, mashine yao mbovu!" alifoka. "Wewe nikueleze vipi uelewe?"

Jiko likabaki baridi. Ndiyo sheria: moto ni wa mwanamke aliyepimwa. Mumewe, Shekue, akachungulia kutoka sebuleni.

"Mama Rukia, chai bado tu?"

"Njoo uweke chako basi!"

"Cha mwanamume halikisomi," alisema, akarudi kuketi.

Zamani watu waliomba kaa la moto kwa jirani. Siku hizi waliazima kidole. Mtaani kwao kidole chenyewe kilikuwa cha Bi Kibibi, mwanamke asiyekosa kipimo hata kimoja. Kila asubuhi alipita nyumba hadi nyumba akiwawashia wenzake huku akiwasuta kwa uvivu wao wa kupima. Leo hakupita.

Mwanakheri akajifunga kanga amfuate. Alipofungua mlango alimkuta kasimama hapo hapo, kashika sufuria ya uji usiopikwa.

"Shoga, niazime kidole," alisema Bi Kibibi. "Jiko langu limenikataa."

"Wewe? Umesahau kupima?"

"Nimepimwa jana, hospitali ya wilaya. Majibu bado sijapewa." Aliitua sufuria kizingitini. "Halikunigombeza, Mwanakheri. Limeniambia nipumzike."

Kutoka sebuleni Shekue akapaza sauti: "Jamani, hiyo chai!"