Karatasi Aliyoikataa Angélique

Angélique aliisukuma ile karatasi mpaka ikakaribia kudondoka mezani. Mara ya tatu hiyo. Na mara ya tatu Madame Maureen, mwalimu wa hisabati, akaivuta, akaigeuza vizuri, akaweka kalamu juu yake na kutabasamu.

Tabasamu lenyewe sasa! Angélique alitamani kulifuta kwa kitambaa cha kazi.

"Anasema nini?"

"Anasema usaini tu, Mama." Noëlla alikuwa anaongea na viatu vyake. "Kwamba umekubali nibaki seti ya nne."

"Minakataa. Umwambie minakataa."

Noëlla akamwambia. Mtoto wa miaka kumi na miwili huyo, kazaliwa hapa hapa Kilburn, na tangu ana saba ndiye mdomo wa mama yake: kwa daktari, benki, kwa mwenye nyumba asiyetaka kutengeneza hita. Kiingereza cha Angélique ni cha kusalimia na kuulizia basi. Miaka kumi na minne anasafisha ofisi alfajiri na wenzake wa Bukavu, wanapiga Kiswahili chao kuanzia ndoo ya kwanza mpaka ya mwisho. Kiingereza angekiokota wapi?

Ila macho anayo. Seti ya nne, kundi la chini kabisa la hesabu, kaiona mwenyewe wakati anaingia: chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na mapipa ya taka, mwalimu wa muda anayebadilishwa kila mwezi, na watoto wote, yaani wote, Wakongo, Wasomali, Wabengali. Seti ya kwanza iko ghorofani, madirisha makubwa, mpaka picha yao imebandikwa ukutani. Angélique aliikagua, uso mmoja baada ya mwingine. Watoto ishirini na wanane, weupe watupu, na wala hakuna aliyeandika mlangoni kwamba humo ni mwa wazungu. Noëlla alipita hapo kainamisha kichwa. Ni aibu, mama akawaza, na moyo ukamuuma.

Aliyemfumbua macho ni Stéphanie wa kanisani. "Dada, seti ya nne hawapewi ule mtihani mgumu. Na bila ule mgumu, udaktari asahau. Atakuja kushika fagio kama sisi." Angélique, ambaye vita vilimtoa chuo cha unesi akiwa mwaka wa pili, siku hiyo alishindwa hata kuimba.

Sasa akaegemea meza.

"Umwambie hivi. Mtoto wangu hesabu anazipiga kwa kichwa, bila kidole, bila mashine. Mi nimesafisha vyoo vya bazungu miaka kumi na ine, sikusema kitu. Lakini mtoto wangu hatakaa karibu ya mapipa. Umwambie niko namuomba. Akitaka nipige magoti, nitapiga hapa hapa."

Maneno yote hayo, Noëlla akayamaliza kwa sentensi moja, tena kwa sauti ndogo.

Madame Maureen akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu. Akaongea haraka haraka, mkono kifuani, na humo ndani Angélique akadaka "seti wan", mara mbili, mara tatu.

"Seti ya kwanza imefanya nini?"

"Imejaa, Mama."

"Imejaa! Juzi kuna mtoto alihama, Stéphanie aliniambia. Leo imejaa?" Akamtazama mwalimu. "Na huyu analia nini? Achague basi, kutuonea ama kutulilia."

Noëlla hakulitafsiri hilo.

Angélique akasimama. Akaisukuma karatasi kwa mara ya mwisho, na safari hii ikaanguka chini kweli. Hakuna aliyeiokota. Mlangoni walipishana na mume na mke wa Kizungu waliokuwa wanasubiri zamu yao, Madame Maureen akawakaribisha huku anajifuta pua.

Machozi Angélique aliyabana mpaka ngazini. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Baada ya leo mtoto hahamishwi tena mpaka aje afanye mtihani wa kumalizia shule. Kapigana, kashindwa. Lakini angalau jina lake haliko chini ya ule uonevu, na hilo akalishikilia kwa mikono miwili.

Noëlla naye alikuwa analia, kimya kimya, mabega yanatikisika.

"Basi, mama, nyamaza," Angélique akamwambia, akamvuta ubavuni. "Umesema vizuri. Kosa si lako."

Hapo Noëlla ndiyo akazidi.

Chini, mapokezini, alikaa mama mmoja wa Kihindi, nywele nyeupe, jina lake Bhanu limeandikwa kifuani. Alikuwa anaweka simu chini. Akasikia Kiswahili, uso wote ukafunguka.

"Kumbe! Mimi mtu wa Kisumu, jamani. Nyinyi wa wapi?"

Angélique nusura amrukie shingoni. Mtu mzima, tena wa shule hii hii, anayejua Kiswahili! "Bukavu, Mama. Ulikuwa wapi wewe saa hii yote?"

"Mama, twende," Noëlla akamvuta koti. "Basi linakuja. Mama, tafadhali."

"Ngoja kwanza. Huyu ndiye Noëlla?" Bhanu akainuka kitini, tabasamu limepotea. "Basi ni wewe. Mwalimu amenipigia sasa hivi, hata kuongea hawezi kwa kulia. Dada yangu, nafasi ilikuwa moja tu, na katika shule nzima alimtaka huyu wako. Amekubembeleza usaini mtoto apande seti ya kwanza. Mbona umemwambia hutaki mwanao akawe mweusi peke yake kule juu?"