Mstari wa Anwani

Fundi alipoufikia mstari ule kwenye skrini alikohoa, kikohozi cha uongo, ili mama mwenye kompyuta asimwone akiusoma mara mbili.

"Pole, mwanangu. Maji?"

"Hapana, mama. Vumbi tu."

"Vumbi nyumbani kwangu! Na kila Jumamosi linakukaba hapohapo."

Mama alikuwa ameketi pembeni yake, miwani imeshuka puani. Alistaafu akiwa mchapaji wa ofisi, na mtaa mzima ulimwita Mama Mchapaji. Kompyuta alinunuliwa na binti yake aliye ng'ambo, ili wazungumze wakionana uso kwa uso. Fundi ndiye aliyeiunganisha na waifai, na tangu siku hiyo haikutulia.

"Hii mashine inakupenda wewe," mama alisema. "Ukitoka tu, inanuna."

Fundi alijua kwa nini inanuna.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu ndogo isiyoonekana, ambayo kazi yake ni kutafuta mtandao na kuushika. Mipangilio yake ya jumla ilikaa katika faili moja fupi. Siku ya kwanza fundi alikuwa na haraka, akanakili faili la kompyuta yake mwenyewe, ile anayozunguka nayo kwenye ofisi za watu. Mstari mmoja wa faili hilo uliiagiza programu ijipe anwani mpya kila inapoanza, ili mwenye kompyuta asifuatiliwe. Kwake ulikuwa kinga. Kwa mama ulikuwa balaa, maana ruta ya nyumba ile, kisanduku kinachogawa mtandao, ilipokea anwani inazozijua tu. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, inabisha hodi kama mgeni, inafungiwa nje.

Aligundua kosa lake Jumamosi ya tatu. Dawa ilikuwa kubadili neno moja, kompyuta ibaki na anwani yake ya asili, ambayo ruta iliijua tangu siku ya kwanza. Hakulibadili. Aliiandikisha kwenye ruta anwani ya siku hiyo, mtandao ukarudi, akanywa chai, akaaga, akijua kwamba ataitwa tena.

Hakutaka chochote cha mama. Ila mama yake mwenyewe, kabla hajafariki, alimpigia simu mara nyingi kuhusu redio yake iliyokuwa ikikoroma, naye kila mara alimjibu: nakuja wikiendi. Sasa redio ile iko chumbani kwa fundi. Bado inakoroma.

"Unachapa kwa vidole viwili kama kuku anadonoa," mama alisema. "Ungekuwa ofisini kwetu wangekufukuza kabla ya saa nne."

"Ndiyo maana nikawa fundi."

"Na hii alama ya reli mwanzoni mwa mstari?"

Alikuwa hivyo, kila wiki na swali lake: mara faili hili la nini, mara neno lile lina maana gani. Fundi alimjibu yote, akidhani anapitisha muda tu.

"Mstari wenye alama hiyo mashine inauruka, mama. Haiusomi kabisa. Hapo tunaandikiana sisi watu, kukumbushana."

"Kumbe."

Akammiminia chai. "Mjukuu ameota jino la pili. Juzi kacheka, hilo, kama punje ya mchele."

Kikombe kilimwia fundi kizito. Mtoto anaota meno, na bibi yake anasimuliwa kwenye simu, kwa sababu ya mtu mzima anayetafuta mahali pa kwenda Jumamosi.

"Mama, nina jambo la kukwambia."

"Chai kwanza. Jambo halipoi."

Hakulisema. Alilifungua tena faili, akalibadili lile neno. Ili kuhifadhi ilihitajika nywila, ambayo mama aliichagua mwenyewe. Fundi aligeukia ukutani kama kawaida, na nyuma yake vidole kumi vikapita kwenye kibodi mara moja, vikanyamaza. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akaizima tena, akaiwasha. Mtandao ulishika.

"Imepona," alisema. "Haitasumbua tena."

Mama hakushangilia. Alikitazama kikombe cha fundi, kilichobaki nusu.

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Haya. Asante, mwanangu."

Alimsindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumamosi iliyofuata fundi alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kisha aliiweka redio mezani, akaifungua, akabaki ameshika bisibisi bila kujua aanzie wapi. Dhamiri yake ilikuwa imetulia, na chumba kilikuwa kimya kuliko alivyotarajia.

Simu ikalia.

"Mashine yako imenuna."

"Haiwezekani, mama."

"Basi njoo uiambie wewe kwamba haiwezekani."

Alikwenda karibu anakimbia. Njiani alijilaumu upya: bila shaka ameharibu kitu kingine, na mtoto ataota meno yote kabla bibi yake hajamwona. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa jikoni, vikombe vikigongana.

Fundi aliketi, akafungua faili. Neno alilolibadili lilikuwa limerudi kama lilivyokuwa. Juu yake palikuwa na mstari mpya, umechapwa bila kosa hata moja, ukianza na alama ya reli:

"# Ukishatoka huwa naurekebisha, kabla hujaja naurudisha. Chai inapoa."