Kidole cha Mshonaji

Paka alibaki mifupa mitupu, na daktari alishamwambia mshonaji ajiandae. Wiki nzima mshonaji alijaribu kumlisha moyo mbichi wa kuku, uliosagwa, kwenye ncha ya kidole. Paka ananusa, anageuza uso.

Leo akakitazama kidole. Kumbe! Kimevaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea. Miaka thelathini hakivui. Alishasahau kama kipo.

Akakivua. Ngozi ya chini ilikuwa laini, imekunjamana kama ya kichanga. Akakichovya kidole kwenye nyama.

Ulimi wa paka ukakwaruza kama msasa. Mara meno yakazama.

“Kaniuma! Jamani, kaniuma!”

Binti yake akaja mbio na bendeji.

“Bendeji ya nini, mwanangu? Lete nyama!”