Swali la Mbwa Weupe

"Huko kwenye theluji, mbwa wote ni weupe. Mji fulani uko huko kwenye theluji. Je, mbwa wa mji huo wana rangi gani?"

Mkalimani, dada mweupe mwenye miwani, aliligeuza swali la Profesa katika lugha ya milimani, macho kayabandika mezani. Bibi kizee, mweusi tii, aliyeteremshwa kwenye lori asubuhi ile, alimkazia macho.

"Mimi huko sijafika. Mwulizeni aliyefika."

Jibu lilipotafsiriwa, ukumbi mzima wa chuo uliangua kicheko. Profesa akainua mkono.

"Msicheke, ndugu. Katika ujamaa wetu suala la rangi tulishalizika. Huyu si duni. Akili yake inaona tu, bado haijafika kwenye 'basi' ya kuhitimisha. Ndiyo maana watoto wa huko milimani tunawapeleka karakana, tusiwatese bure na vitabu."

Mkalimani aliitikia kwa kichwa. Jaribio likiisha salama, kiti cha mhadhiri msaidizi ni chake, naye alikitaka kufa na kupona. Mvumilivu hula mbivu, na yeye alivumilia mengi. Lugha ya milimani, aliwaambia wote, aliisomea chuoni hapa hapa; na kwa weupe ule aliourithi kwa baba, nani angemdadisi? Alichotaka sasa ni bibi huyu aondoke. Alimchukia kwa namna alivyomkodolea macho.

"La mwisho," Profesa akasema. "Atunge lake mwenyewe. Aseme mambo mawili ya kweli, kisha atoe la tatu linalofuata. Akishindwa, hatuna haja ya kuwapima wengine."

Mkalimani akatafsiri, harakaharaka.

Wanafunzi wa nyuma wakaanza kupiga miayo, mmoja akauliza kwa sauti kama bibi kalala. Kisha bibi akasema, taratibu, kwa lugha yake, akimwonyesha mkalimani kwa kidevu:

"Kila niliyemzaa, akiniona huniamkia. Mkalimani huyu ameniona tangu asubuhi, hajaniamkia. Basi, huyu sikumzaa."

"Enhe, amesemaje?" Profesa akauliza, kalamu mkononi.

Mkalimani akaifuta miwani yake, akaivaa tena.

"Anasema hajui, Profesa."