Nyati Aliyedharau Maji Moto

Paliondokea Nyati mmoja, magoti yamechoka lakini kiburi bado kibichi. Mkewe, Bi Nyati, alimwomba waende kutembea bondeni, kwenye chemchemi ya maji moto, wakastarehe taratibu.

"Huko ni kwa wazee!" Nyati akafoka. "Mimi napanda mlima na vijana."

"Haya, bwana. Mimi nitakuwa bondeni."

Nyati akapanda na Swala, kijana mwenye majigambo, ambaye alitimka mbele akatoweka. Nyati akajikokota mpaka kwenye mwinuko wa pili, pumzi ikamwishia. Akatazama huku na huku asionekane, kisha akashuka kimyakimya hadi chemchemi, akidhani mkewe ameshaondoka.

Akamkuta Swala majini hadi shingoni. Ameteguka mguu, amerudi kwa njia ya mkato.

"Shikamoo, babu. Tafadhali, usiwaambie wenzangu."

"Marahaba. Nawe usimwambie mke wangu."

Mvuke ukapeperuka, kumbe Bi Nyati ameegemea jiwe kando yao.

"Mkeo keshasikia," akasema. "Sogea hapa, nikusugue mgongo."

Nyati akasogea, kichwa chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akashusha pumzi ya raha.