Mlango Usiomjua Mama Shani

Siku hizi mlango wa nyumba hauna ufunguo. Ukiwa nje unakumulika miguu, unasoma mishipa yako, unakutambua. Na usajili ni mara moja tu maishani.

Mke wangu alikuwa na vimishipa vyekundu vilivyotanda vigimbini kama utando wa buibui, na alivichukia.

Mwezi uliopita nilikuwa nafunga mkoba niende Mpanda, na kutoka huko popote, kama kawaida yangu. Nikasikia mtu anagonga. Nani anagonga zama hizi? Nilipofungua nilimkuta mke wangu, kavaa gauni fupi, miguu laini kama ya binti.

"Mama Shani! Vile vimishipa umevipeleka wapi?"

"Nimevichoma kwa leza. Nimependeza?"

"Umependeza mno. Lakini mlango haukujui tena."

"Najua. Wewe utanifungulia kwa ndani."

"Na nikisafiri?"

"Nitakaa barazani mpaka urudi, mzururaji wee. Miaka yote nimekungoja ndani, sasa nitakungoja nje."

Akacheka, akanipita kwenda jikoni. Mkoba nikaurudisha juu ya kabati.

Sasa akienda sokoni nakaa karibu na mlango. Akigonga nainuka upesi, magoti yakilalamika, naye huniangalia kama bibi harusi. Sijawahi kupendwa hivyo.

Ila jana nilipitiwa na usingizi kitini. Nilipofungua, alikuwa amelowa mvua chapachapa, anatabasamu tu. Nikamfuta uso kwa kanga yake. Nimemzidi umri kwa mbali, na mlango ule unanijua mimi peke yangu.