Harambee ya Gitonga

Picha ya Gitonga ilisimamishwa mbele ya ukumbi, nyeusi na nyeupe, imezungushiwa maua ambayo Alfred aliyanunua njiani akitoka Burnsville. Watu walikuwa kama mia mbili. Pilau ilikuwa imefunikwa, na nje, katika baridi ya kukata masikio, gari la Kendi liliachwa likinguruma. Aliulizwa mbona anachoma mafuta bure. Alijibu kwamba betri yake ni mbovu.

Alfred alikuwa mwenyekiti wa shirika dogo la hisani linalotunza programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha bila kulipa senti. Programu yao kubwa iliitwa Mchango. Miaka hii hakuna Mkenya aliyefia huku Marekani, Minneapolis au Saint Paul, akasafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani bila Mchango kumkusanyia nauli. Aliyeiandika na kuitunza miaka sita bila mshahara ni Gitonga. Aliyemlisha Gitonga miaka hiyo sita ni mkewe, Kendi, kwa zamu za hospitali kule Maplewood.

Mwezi wa Oktoba shirika liliomba watu wamchangie. Liliweka mtandaoni picha yake akicheka, na maelezo marefu ya kazi anayoifanya. Zilipatikana dola arobaini na tatu. Philister, mwenyekiti wa chama cha akina mama, hakutoa kitu ila swali, tena mbele ya kikundi kizima cha WhatsApp: "Kwani huyo hana kazi?" Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuitumia Mchango kumzika mama mkwe.

Safari hii tangazo lilikuwa fupi: jina, miaka aliyojitolea, picha, na tarehe ya harambee. Alfred alilisoma mara nne kuhakikisha hakuna neno la uongo. Lengo lilikuwa dola elfu kumi na mbili, za kuitunza programu hadi mwisho wa kiangazi. Zikikosekana, Kendi alishaiambia kamati ya shirika, Mchango inazimwa mwezi huu na watu warudie madaftari yao. Hakuwa anatania. Kodi ya nyumba ilikuwa imemshinda.

Basi watu wakafurika. Watu wetu ni wakarimu sana, mradi picha haina rangi. Philister alishika kipaza sauti, akalia kwa kwikwi, akasema mtu kama Gitonga hapatikani na kwamba yeye alimthamini tangu mwanzo. Akatoa mia tano. Waliomfuata wakaona haya kutoa pungufu. Pasta alipotaja neno "marehemu", Alfred alipaliwa na chai, akatoka kwenda kutafuta maji.

Hesabu iliyoonyeshwa ukutani ilipofika elfu tisa, Mchango ikakwama. Simu zote zilikuwa zikituma pesa kwa wakati mmoja, na programu ilizidiwa.

"Imehang," Philister alisema. "Na mwenye alijua kuifix ni huyo hapo mbele."

Watu wakatazama picha, wakasikitika, kisha wakaanza kurudisha simu mifukoni. Wawili watatu walishageukia pilau. Kendi aliiona kodi yake ikitoka mlangoni na makoti ya watu. Miaka sita, halafu pilau.

Hakulia. Alipakua sahani moja, akaifunika kwa foili, akavaa koti na kusema anakwenda kuangalia betri.

Dakika nne baadaye namba ukutani zikaanza kuruka. Elfu kumi. Elfu kumi na moja. Zilipovuka elfu kumi na tatu, Philister aliinua mikono yote miwili.

"Ni yeye," alisema, machozi yakimtiririka. "Hata huko aliko hajatuacha."

Pasta aliwasimamisha wote, wakaomba kwa kirefu, kisha wakaanza kutafuta kofia na glavu zao.

Kule nje, kioo cha gari kilishuka kidogo.

"Imeshika?" Gitonga aliuliza, kompyuta mapajani, mdomo umejaa pilau.

"Imeshika," Kendi alisema. "Lala chini, wanatoka."